Ramula Alivyotaka Kompyuta Kama ya Mbale

Sogeeni, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mnaojiona mmeyajua yote kwa sababu mna simu mkononi. Habari hii ni ya watu wanaoishi kama sisi.

Pale Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, kando ya barabara kuu ya Iganga, palikuwa na nyumba iliyotulia. Asubuhi malori ya Kenya yakinguruma nje, katika chumba cha mbele cherehani ya kutarizi ilikuwa imekwisha kuanza kazi, sindano ikipanda na kushuka, maua mekundu na ya kijani yakitokeza juu ya shuka jeupe. Mwenye cherehani alikuwa Ramula, mke wa Marjan, dereva wa lori. Wanubi wa Jinja na vitongoji vyake walimjua vizuri. Kwao kitanda cha bibi harusi hutandikwa kikatazamwa na wanawake wa upande wa bwana kabla pilau haijapakuliwa, na shuka ndilo linalosemwa mwaka mzima.

Cherehani ile iliongozwa na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi yake imegeuka manjano, na mfumo ulioiendesha ulikuwa wa zamani vilevile. Lakini ilielewana na cherehani, na cherehani haikuelewana na nyingine yoyote. Ramula alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Humo ndani alikuwa ameyaweka maua ya marehemu mama yake, Bushira, aliyetarizi kwa mkono mpaka macho yakamwishia. Maua hayo yalikuwa ya mabinti wa nyumba yao tu, hayakuuzwa. Shuka la mwisho la Bushira, alilotandikiwa Ramula mwenyewe, lilikuwa limechakaa likawa matambara. Kabla halijaisha kabisa, Ramula alikaa nalo miezi akiyanakili kwenye kompyuta ua kwa ua, pamoja na pindo la majani linalozunguka shuka zima. Hata picha hakuruhusu ipigwe, asije fundi mwingine akaiga. Alikuwa anamtunzia bintiye Zamzam, ambaye harusi yake ilikuwa imepangwa baada ya Idd.

Basi wivu ukabisha hodi, na Ramula mwenyewe akaufungulia.

Marjan alikuwa na mke wa pili, Swabrah, kule Mbale, mwenye kibanda cha kupiga chapa na fotokopi karibu na soko. Marjan alijitahidi kutenda haki. Akinunua kitenge cha Bugembe, kingine cha rangi ileile kilikwenda Mbale. Wake wenyewe ndio waliokuwa wakipimana kwa macho, huyu akihesabu nundu za godoro la yule.

Swabrah alipojifungua, Ramula alikwenda Mbale kumpa hongera. Mtoto alimpenda, uongo dhambi. Kisha akaiona kompyuta. Kioo chake kilikuwa kinang'aa, picha zinateleza, kila kitu kinafunguka ukigusa tu.

"Marjan ameniwekea mfumo mpya, dada," Swabrah alisema huku akimtikisa mtoto. "Ule wa zamani ulikuwa unakataa kufungua kazi za wateja. Yako bado ni ileile?"

Ramula alijisikia kama ameulizwa mbele za watu kama bado anachota maji kisimani.

"Yangu inanitosha," alijibu. Tangu dakika ile haikumtosha tena.

"Na yale maua ya mama yenu, umeyaweka na mahali pengine? Nipe nakala nikutunzie hapa. Hizi mashine zinakufa bila kuaga."

"Tutaona," Ramula alisema, akatabasamu kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa anawaka. Mume amechukua, kompyuta amepata, sasa anamtaka na mama yangu! Chai aliyopewa hakuimaliza.

Aliporudi nyumbani kazi haikufanyika. Kila alipowasha kompyuta aliiona ilivyo nzito, ilivyozeeka, na kila mara aliiona ile ya Mbale. Marjan alipofika na lori, hakumwacha hata anawe miguu.

"Kwa nini yule ana mfumo mpya na mimi sina?"

"Yule anafungua kazi za watu. Wewe ukibadilisha, cherehani itakataa. Si ulinieleza wewe mwenyewe?"

"Kwa hiyo mimi ndiye wa zamani?"

"Mama Zamzam, nani amesema hivyo? Ukitaka nitakutafutia nyingine ndogo ya kuchezea. Hii tuiache ishone."

"Sitaki nyingine. Nataka hiihii iwe kama yake. Au haki yako inaishia Mbale?"

Jamani, mwanamume wa nyumba mbili haogopi breki kukatika mteremkoni kama anavyoliogopa neno hilo. Marjan alijua kwamba mkewe anakosea, lakini hakumzuia. Na yeye ana fungu lake katika lawama hii, msimsahau.

"Fanya unavyoona," alisema.

Ramula akaifunga kompyuta kwa leso, akapanda bodaboda hadi Mpumudde kwa Joash, fundi wa kompyuta. Joash aliiwasha, akaitazama.

"Mama, hii iko mzee, lakini mfumo mpya itaingia. Programu ya kushona ndiyo sijui kama itakubali."

"Wewe weka tu."

"Na vitu yako umeweka pahali ingine? Mimi nafomati. Kila kitu ya ndani inaisha."

Hakuwa ameweka. Kunakili maua yale kulitaka arudi nyumbani kutafuta flashi, kazi isubiri kesho. Na kesho Swabrah alikuwa anakuja na mtoto kusaidia matayarisho ya harusi. Ramula alitaka amkute na kioo kinachong'aa, amwone naye ni mtu. Alijiambia kwamba maua hayawezi kwenda mbali, kompyuta si ni ileile?

"Nimeweka," alisema.

Joash akaamini. Fundi atakubishia vipi juu ya vitu vyako mwenyewe?

Kesho yake Swabrah aliingia, akaketi, akakiona kioo.

"Mashallah, dada! Imependeza."

Ramula alivimba kwa furaha. Akatandaza shuka jeupe la Zamzam kwenye cherehani, akalibana vizuri, akabonyeza. Cherehani ilikaa kimya. Akabonyeza tena, akachomoa waya, akauchomeka. Kimya. Hapo akacheka kidogo, kwa kuwa hilo alilitarajia, akasema Joash atajua la kufanya. Ndipo akaenda kuyafungua maua ya mama yake, amwonyeshe Swabrah walau kwa macho, ajue ni nani mwenye kitu. Alitafuta huku, akatafuta kule. Hapakuwa na ua hata moja.

"Dada?" Swabrah aliita. "Dada, vipi? Keti kwanza."

Joash aliitwa, akaja mbio. Aliurudisha mfumo wa zamani, na cherehani ikaamka ikalia kama siku zote. Lakini maua hayakurudi. Alihangaika na programu zake za kufufua vilivyofutwa, akapata vipandevipande visivyofunguka.

"Mama, ulisema umeweka," alisema kwa sauti ya chini.

 Ramula alilia mbele ya mke mwenzake, kitu alichokuwa ameapa hatakifanya maisha yake yote. Swabrah alimlaza mtoto mkekani, akamshika bega.

"Unajua nilichokuwa nakuonea wivu mimi?" alisema. "Maua hayo. Kompyuta kila mtu anayo. Mimi mama yangu hakuniachia hata uzi. Nilitaka yakae kwangu kidogo, nami nijisikie nina watu. Kuiba sikutaka, wallahi."

Siku zilizobaki Ramula aliketi na penseli akijaribu kuyachora. Ua kubwa la katikati alilikumbuka. Majani ya pindo aliyakumbuka. Lakini pindo lile lilikuwa na namna yake ya kukata kona, majani yakipishana kwa hesabu ambayo Bushira peke yake aliijua, na Ramula aliiachia mashine iikumbuke kwa niaba yake. Alichora akafuta, akachora akafuta, karatasi ikatoboka, mwishowe akatarizi yale tu aliyoyakumbuka.

Siku ya harusi kitanda kilitandikwa. Wanawake wa upande wa bwana waliingia wakipiga vigelegele, wakazunguka. Bibi mmoja mzee, aliyewahi kumjua Bushira, aliinama akapitisha kidole kwenye pindo, taratibu, mpaka majani yalipoishia ghafla. Kona ilikuwa nyeupe. Akaenda kona ya pili, nayo nyeupe.

"Mbona hamkumaliza?" aliuliza.

Zamzam alimtazama mama yake. Ramula alitoka nje.

FUNZO

Ndugu zangu, mfumo mpya si mbaya, na wa zamani si aibu. Ukitaka kubadilisha, jiulize kazi yako inataka nini. Usiulize fulani ana nini. Kila unachokithamini kiweke mahali zaidi ya pamoja, na fundi akikuuliza kama umekiweka, mwambie kweli hata kama kweli itakuchelewesha siku nzima.

Nanyi mnaogawana mume, au duka, au boma la baba, acheni kupimana. Ramula alipewa mkono wa msaada pale Mbale akadhani ni mkono wa mwizi. Angetoa nakala moja tu kwa mtu aliyemwonea wivu, leo Zamzam angelala juu ya maua ya bibi yake, na binti wa Zamzam baada yake.