Talaka ya Miwani

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Alipofanyiwa upasuaji wa macho wa leza, akawa anatunga uzi kwenye sindano huku akipiga soga, na mimi mwenye miwani roho inaniuma. Hata vile vishimo viwili vya miwani puani vilimfutika. Miwani yake aliifungia kwenye droo ya kazini, akaitania, "Haya, talaka yako hiyo!"

Juzi jioni alirudi kuchukua vifungo, umeme ukakatika. Gizani akasikia mikono ya miwani ikikunjuka drooni: tik, tik. Kisha kimya. Taa zilipowaka, droo ilikuwa bado imefungwa.

Akakimbilia kwangu. "Shoga, hebu nitazame. Pua yaniuma."

Nilimtazama. Vile vishimo viwili vimerudi, vyekundu, na vilizidi kudidimia nikiviangalia.