Gogo la Bwana Pumphrey

Baragumu lilipigwa, likajibiwa, na hakuna chombo kilichotoka.

Enoch alilipuliza kwenye mdomo wa handaki, kama desturi ya watu wa mfereji, ili kama kuna mashua ndani ijulikane kabla wao hawajaingia. Jibu likaja kutoka gizani, zito, la mtu mwenye mafua. Mkewe Keziah alikuwa akimkabidhi mlinzi wa handaki farasi avutaye mashua yao, ampitishe juu ya kilima. Akageukia handaki. Aliyepuliza namna ile ni mmoja tu, kaka yake Amos, naye walimzika baada ya Pentekoste ya mwaka jana.

"Mnangoja nini?" Bwana Pumphrey alifoka. Ndiye aliyewakodi kwa matembezi ya kiangazi. Alikaa kwenye mito ya kukalia pale walipozoea kupakia makaa ya mawe, paja la kuku mkononi, kofia ya majani kisogoni.

"Kuna aliyejibu, bwana mkubwa."

"Mwangwi huo, mama! Chakula changu cha mchana kiko hotelini upande wa pili. Twende!"

Keziah akameza hasira. Yeye na mumewe wakalala chali, kila mmoja kwenye ubao wake uliotokeza ubavuni mwa mashua, wakaanza kuzikanyaga kuta mashua isonge, maana mle hamna njia ya farasi. Ta, ta, buti zao zikapokezana. Giza likawafunika.

Katikati ya handaki ikaja harufu ya sufu iliyolowa na tumbaku rahisi, tumbaku ya Amos. Kisha buti nyingine. Hazikuwa kulia wala kushoto. Zilikanyaga juu, darini, polepole, zikiwafuata.

"Enoch," alinong'ona, "unasikia?"

"Nyamaza, mke wangu. Kanyaga."

Bwana Pumphrey alikuwa akicheka peke yake. "Hapahapa! Mwaka jana tulipita na mashua ya mvuke ya rafiki yangu, usukani nimeshika mimi. Tulichelewa mashindano ya makasia, nani angepiga baragumu? Tukagonga kitu, paa! Gogo, nadhani."

Gogo! Mwaka mzima Keziah ameambiwa kaka yake alianguka majini humu handakini kwa ulevi, Amos ambaye bia hakuijua ladha yake, mwaka mzima amewaona watu wakitikisa vichwa kwa huruma ya uongo, na muuaji yuko hapa, anamtilia mafuta ya kuku kwenye mashua yake!

Kabla Keziah hajafungua kinywa, Enoch akapiga kelele. "Kezi! Nashikwa!" Ubao ukalia, maji yakapasuka, na sauti yenye kohozi ikashuka kutoka darini.

"Nani aliyenigonga?"

"Kaka, mwache! Huyo shemeji yako!" Keziah alitambaa, akamdaka mumewe kwapani. Kitu kilimvuta Enoch chini kwa nguvu ya farasi. "Bwana, sema! Sema ni wewe!"

"Mimi... lilikuwa gogo..."

"Gogo lina dada? Gogo lilinibeba mgongoni nikiwa mtoto? Shetani mkubwa we! Mume wangu anakufa kwa ajili yako! Sema, au nakutupa humu kwa mikono yangu!"

Maji yalishafika kidevuni mwa Enoch.

"Ni mimi!" Bwana Pumphrey alilia. "Septimus Pumphrey! Nilimsikia akiita. Sikutaka kusimama."

Enoch aliachiwa ghafla, wakaanguka wote wawili ndani ya mashua. Juu, buti zilitembea hatua chache, zikasimama juu ya ile mito.

Walipotokea juani, Bwana Pumphrey alijipangusa, akacheka kidogo. "Gizani mtu husema lolote. Na nani atawaamini ninyi?" Akapanda hotelini kula.

Enoch, akiwa bado analowesha sakafu ya mashua, akageukia handaki, akapuliza baragumu. Wakasikiliza. Kimya.

Ndipo mayowe yakatoka hotelini. Keziah akapanda hadi dirisha la hoteli. Bwana Pumphrey alikuwa ameganda mbele ya supu yake, vumbi la chokaa likimwangukia sahanini. Kwenye dari nyeupe, kuanzia mlangoni hadi juu ya kiti chake, zilipangana nyayo za maji za buti zenye misumari. Alihamia kiti kingine. Ta, ta. Nyayo mpya zikamfuata.

"Mama!" alilia alipomwona Keziah. "Mama, nisaidie! Ni nini hicho?"

"Gogo tu, bwana mkubwa," alisema Keziah. "Kula."