Pasi ya Treni ya Baba

Jioni nyingi, nikishamaliza kuosha vyombo, nilikaa mezani na kalamu ya bluu kumjazia baba fomu za geti la hifadhi. Baba yangu, Elibariki, alikuwa dereva wa watalii pale Karatu. Kila alipopata wageni wa kuwateremsha kreta ya Ngorongoro, fomu zao zilijazwa nyumbani kabisa: majina, namba ya gari, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. "Getini mtu hajazi fomu," alikuwa akisema. "Getini mtu anapita." Madereva wenzake walibaki wameinamia boneti wakiazimana kalamu, yeye anawapungia mkono. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye tope, ndiyo maana kazi hiyo alinipa mimi. Nilikuwa darasa la sita, miaka kumi na miwili, na kusema kweli nilikuwa na kimbelembele.

Mwaka 2003, mwezi wa Machi, ilifika bahasha kutoka Ujerumani. Ilitumwa na Bibi Hilda, mama mmoja mzee aliyewahi kuwa muuguzi hospitali ya Endulen, kule Ngorongoro, na ambaye Kiswahili chake kilinishinda hata mimi. Yeye na wageni wengine wa zamani wa baba walikuwa wamechangishana wamwalike Ulaya wakati wa masika, maana masika watalii hawapo na magari yamelala. Ndani ya bahasha kulikuwa na pasi ya treni. Haikuwa tiketi ya kwenda mahali pamoja. Ilikuwa na visanduku vitano, na kila kisanduku kilikuwa siku moja ya kupanda treni yoyote, uende utakako, katika nchi tatu.

Baba aliizungusha mkononi kama noti asiyoiamini. "Miaka kumi na minane nawaendesha hawa watu," alisema. "Sasa na wao waniendeshe."

Kupanga safari nilikabidhiwa mimi. Nilibandika karatasi kubwa ukutani jikoni nikaandika: atafikia Frankfurt kwa Bibi Hilda tarehe 10 Mei. Tarehe 11, Hamburg kwa daktari mmoja. Tarehe 13, Berlin kwa mume na mke waliokuwa walimu. Tarehe 21, Vienna; 24, Munich; 28, Zurich, na huko ndiko angepandia ndege ya kurudi. Saa za treni Bibi Hilda alikuwa ameziambatanisha.

"Treni ya Hamburg inaondoka saa tatu na dakika kumi na tatu," nilimsomea baba.

"Hizo kumi na tatu ni za nini? Ikishafika saa tatu, dereva anangoja nini tena?"

"Na siku ya kwenda Vienna unabadilisha treni Munich. Una dakika sita."

Baba alimtazama mama. Mama alisema baba huchukua dakika sita kutafuta kofia tu.

Basi, kwa kuwa nilijiona msomi, nikaamua kumfanyia baba jambo la kumfurahisha. Nilichukua ile pasi, nikajaza tarehe zote tano kwa kalamu ya bluu, mwandiko safi, kama fomu za geti. Nyuma ya pasi kulikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Sikuyasoma. Niliirudisha kwenye bahasha, na baba akaifungia kabatini, chini ya suti yake ya harusi, isije ikashikwa na mikono ya mafuta.

Wiki mbili baadaye baba alirudi kutoka kazini amenuna. Dereva mwenzake alikuwa ameugua, na bosi amemwomba ampeleke kwanza kundi moja la wageni waliochelewa. Ndege ilisogezwa. Sasa angefika Frankfurt tarehe 15.

Kumi na moja na kumi na tatu zilikuwa zimeshaandikwa kwenye pasi, na siku hizo baba angekuwa bado anasukuma gari kwenye tope la Karatu. Ningeweza kumwambia palepale. Badala yake nilisubiri aende dukani, nikafungua kabati.

Kwanza nilijaribu wembe, kama tunavyofuta daftari shuleni. Karatasi ikaanza kutoa manyoya, nikaacha. Ndipo nikagundua kwamba moja ni namba ya upole. Ukiiwekea kofia inakuwa saba. Kumi na moja ikawa kumi na saba. Tatu nayo haina ubishi, ukiiziba upande wa kushoto inakuwa nane. Kumi na tatu ikawa kumi na nane. Zile tarehe tatu za mwisho hazikuhitaji kuguswa. Nilijipongeza, mtoto mjinga mimi.

Shida ni kwamba sasa safari ya baba ilipangwa na namba zilizokubali kurekebishwa.

"Anneth, mama," baba aliniuliza akiwa amesimama mbele ya karatasi yangu ya ukutani, niliyokuwa nimeiandika upya. "Hamburg nalala usiku mmoja, halafu Berlin nakaa siku tatu. Kwa nini nisiende Hamburg tarehe kumi na sita?"

"Tarehe kumi na sita si nzuri, baba."

"Ina nini?"

"Hamburg kuna mvua."

"Umejuaje mvua ya mwezi ujao?"

Nikamwambia tumefundishwa kwenye jiografia. Baba aliheshimu sana elimu, akakubali. Uongo ule uliniuma kuliko kupigwa, lakini ndiyo hivyo, wa kwanza ukishatoka, wa pili unaufuata wenyewe.

Jumamosi moja kabla ya safari, barua nyingine ya Bibi Hilda ilifika. Baba aliisoma kwa sauti uani, maana siku ile majirani walikuwa wamekuja kwa ajili ya mazoezi. Naam, mazoezi. Zile dakika sita za Munich zilikuwa zimemkosesha baba usingizi, akaamua azifanyie majaribio kama mtu anayejiandaa kwa mbio. Mama Tariq, jirani yetu mwenye duka, ndiye aliyekuwa mwalimu. Alizaliwa Tabora, na kwa mambo ya treni hakukubali kushindwa na Mzungu yeyote.

"Usiingie kwenye treni na njaa," alikuwa akimwambia baba. "Sisi tulikuwa tukifika stesheni ya Saranda tunanunua kuku dirishani. Huko sijui wanauza nini, kwa hiyo beba."

Kwa hiyo baba alibeba. Begi lilikuwa na kahawa, blanketi, na vitunguu vya Mang'ola kilo nane, zawadi za wenyeji wake.

Barua ilisema hivi: "Elibariki, jambo moja muhimu. Tarehe kwenye pasi unaiandika asubuhi ya safari, kabla tu ya kupanda, siyo mapema. Na ukikosea usifute wala usirekebishe. Mkaguzi akiona tarehe imechezewa, atakuhesabu mdanganyifu na kukushusha mbele ya watu."

"Sawa kabisa," baba alisema akikunja barua. "Hata mimi nisingempitisha mtu wa namna hiyo."

Nilikaa kwenye kreti la soda nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mazoezi yakaanza. Viti vyetu vyote vilipangwa mistari miwili, huu treni ya Berlin, ule treni ya Vienna, na banda la kuku ndilo lililokuwa ngazi za stesheni. Tariq, mtoto wa Mama Tariq, tuliyesoma naye darasa moja, alishika saa. Baba aliruka na begi, akazunguka banda, kuku wakatawanyika, kitunguu kimoja kikadondoka, akarudi kukiokota.

"Dakika saba," Tariq alitangaza. "Treni imeondoka."

"Acha kitunguu, Baba Anneth," Mama Tariq alishauri. "Vienna watakusamehe."

Mara ya pili alitumia dakika tano na nusu. Majirani walipiga makofi, na Mzee Sakaya, dereva mwenzake baba wa siku nyingi, akasema huyu sasa anaweza kwenda hata Amerika kwa treni. Baba alijitupa kwenye kiti cha Vienna anahema, amefurahi kama mtoto.

"Bado mkaguzi," alisema Mama Tariq. Alivaa miwani, akajifunga kanga vizuri, akasogea kwa madaha. "Abiria, pasi yako."

Baba, aliyekuwa ameitoa kabatini makusudi kwa ajili ya zoezi hilo, alimpa bahasha kwa mikono miwili. Mimi nilitamani banda la kuku lifunguke linimeze.

Sasa, Mama Tariq alikuwa ameuza duka miaka ishirini. Vikaratasi vingapi vya kukopea vilipita mkononi mwake, ambavyo mama kaandika kilo moja na mtoto kaifanya nne ili ziada akaiuze njiani? Aliitazama pasi. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Abiria, mbona umeshaijaza?"

"Haijajazwa," baba alisema, bado anatabasamu.

"Imejazwa. Tena hii saba ilikuwa moja. Na nane hii, niambie mimi, ilizaliwa tatu."

Watu walicheka. "Mshushe," mmoja alisema. Baba naye alicheka, akaichukua pasi, akaitazama. Kicheko chake kikakatika.

"Mimi sijaandika kitu hapa," alisema.

"Kila abiria husema hivyo," Mama Tariq alijibu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Mchezo ulikuwa umeisha, na kila mtu alijua. Mzee Sakaya alikuna kichwa. "Elibariki," alisema polepole, "hata wewe?"

Baba yangu, aliyewahi kuendesha gari hadi Arusha kurudisha kamera ya mgeni, alisimama pale kati ya viti vya jikoni akiapa kwamba hajui, na marafiki zake wakatazama chini. Hapo sikufikiri tena.

"Ni mimi," nilisema. "Nilijaza zote mapema kama fomu za geti. Ndege iliposogezwa nikarekebisha. Baba hajui lolote. Na Hamburg sijui kama kuna mvua."

Mama alifunika uso kwa kanga, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Baba hakunipiga. Alinipeleka dukani kwa Mama Tariq, akapiga simu kwa Bibi Hilda, kisha akanipa simu mimi. "Umeandika mwenyewe, eleza mwenyewe." Nilieleza nikilia.

"Visanduku viwili umeviua, mjukuu wangu," Bibi Hilda alisema. "Hivyo vitatu ambavyo hukuvigusa, nitakwenda stesheni kuuliza."

Siku mbili zile sikula vizuri. Jumatatu mchana alipiga: vitatu vingekubaliwa, kwa tarehe zilezile zilizoandikwa. Hamburg na Berlin baba asingeziona. Ila daktari na wale walimu walikuwa wamekubali kupanda treni wao, wamfuate Frankfurt. Nami niwaandikie barua za kuwaomba radhi, daktari yake na walimu yao.

Niliandika nikiwa nimeketi pembeni ya baba. Nilipomaliza, alizisoma zote mbili taratibu, kisha akazikunja.

"Kujaza mapema lilikuwa kosa la haraka," alisema. "Hilo ni langu pia, mimi ndiye niliyekuzoesha. Lakini siku ya ndege kusogezwa ungeniambia, tungepoteza siku mbili za treni, basi. Ulipoficha, ungenipotezea jina, huko ugenini ambako hakuna anayenijua wa kunitetea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Juzi umeiona mwenyewe, iliishia uani kwetu. Lakini uliposema 'ni mimi', mbele ya watu wote wale, Sakaya alinishika mkono akaniomba msamaha. Hamburg nitaiona siku nyingine nikijaliwa. Jina langu ulinirudishia siku ileile."