Skola Hanawi Uso

Skolastika, ambaye watoto wa Jang'ombe humwita Skola, aliamka kabla jua halijachomoza. Alisugua masizi ya sufuria, akavaa sare ya shule, kisha akafuatana na bibi yake hadi Kanisa la Minara Miwili, Mji Mkongwe. Ilikuwa Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki huanza Kwaresima, yaani majuma ya kufunga na kutubu. Padri alichovya kidole katika kibakuli cha majivu, akamchora Skola msalaba kwenye paji la uso, akamkumbusha kwamba binadamu ni mavumbi na mavumbini atarudi.

"Mwaka jana ulirudi uso mtupu," bibi alisema walipotoka. "Ukanambia ni jasho."

"Halikuwa jasho, bibi. Walinicheka, nikanawa."

"Nilijua. Na leo?"

"Leo sinawi."

Shuleni, Jumatano ni siku ya ukaguzi wa usafi. Darasa lisilopunguziwa alama hata moja hupewa bendera ya kijani, na Sita B, darasa la Skola, hawakuwa wameipata tangu mwaka uanze. Kiranja wao, Muhannad, alisimama mlangoni akiwakagua wenzake kabla mwalimu hajafika.

"Skola, ulilala jikoni?" aliuliza. Waliokuwa nyuma wakacheka.

"Nimetoka kanisani. Huu ni msalaba wa majivu."

"Mie naona uchafu. Nenda kanawe, usitukoseshe bendera."

"Sinawi."

"Basi vuta mtandio," alinong'ona Yusra, rafiki yake wa dawati moja. "Ushushe mpaka kwenye nyusi. Nani atajua?"

"Mie ntajua," Skola alijibu. Akausogeza mtandio wake mweupe nyuma, msalaba ukaonekana mpaka dawati la mwisho.

Mwalimu wa zamu, Bi Riyama, akaingia na daftari la ukaguzi.

"Shikamoo, mwalimu," darasa likaamkia.

"Marahaba. Kaeni."

Muhannad hakukaa. "Mwalimu, Skola ana uchafu usoni na hataki kunawa."

Bi Riyama alilisogelea dawati. "Skola, nini hicho?"

Skola alieleza. Hakuishusha sauti. "Hata ukinitoa darasani, mwalimu, sinawi."

"Nani kakwambia unatolewa?" alisema Bi Riyama. "Hiyo ni ibada yako. Sipunguzi alama kwa ibada. Haya, nyoosha mikono."

Skola akanyoosha. Kucha zote kumi zilikuwa nyeusi.

"Na huku? Huku nako padri kakupaka?"

Hakuna mwengine mle ndani aliyejua padri hupaka wapi. Skola angejibu "ndiyo" tu, na bendera ingekuwa yao. Muhannad, aliyemshtaki muda si mrefu uliopita, sasa alikuwa nyuma ya mwalimu akimpa ishara kwa kichwa aitikie.

"Hapana, mwalimu," Skola alisema. "Hayo ni masizi ya sufuria. Sikusugua kucha."

Bi Riyama akaandika. Alama moja ikaondoka, na bendera ikaondoka nayo.

"Ushatumaliza," Muhannad aliguna. "Ulikuwa mkali kweli kwa uso wako. Kwenye kucha umeshindwa nini?"

"Kwa uso nilikuwa na haki. Kwa kucha sina," Skola alimjibu. "Ulitaka nimsingizie padri?"

Yusra aliziba mdomo kuzuia kicheko. Bi Riyama alifunga daftari, akamgeukia kiranja.

"Muhannad, angenidanganya kwa kucha, nisingemuamini hata kwa huo msalaba. Sote humu tuna siku zetu za ibada, na anayeiheshimu siku yake hafichi makosa nyuma yake. Bendera tutaitafuta tena wiki ijayo kwa sabuni, si kwa uongo. Nanyi nyote, mkiwa na haki, isimamieni bila kuogopa watu. Mkiwa na kosa, semeni vile vile, bila kuogopa watu."

Kisha akamwonesha Skola mlango.

"Haya, mwanangu, nenda bombani ukanawe mikono. Mikono tu."