Jasho Kwenye Mrija

"Msumari, hapa Jiko. Yuko wapi?"

"Mbele yangu. Anapanda ngazi."

"Asifike Chumba Cheupe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

Msumari aliruka ngazi mbilimbili. Bastola ya Glock kiunoni, kifaa cha mawasiliano sikioni, buti zikigonga zege. Mbele yake fundi wa mitambo ya hewa, yule ambaye jengo zima lilimwita Miwani, alikuwa anakimbia kama aliyemwagiwa upupu. Mgongoni alibeba begi jeusi.

Begi hilo ndilo lililomtia Msumari wasiwasi. Asubuhi ile Jiko, yaani ofisi ya Mzee, mkuu wa ulinzi, lilikuwa limenasa ujumbe mfupi wa simu: "Uchafu utaingia leo, kabla kifuniko hakijafungwa."

Na nyuma ya mlango wa Chumba Cheupe alikaa Kobe.

Kobe ni gari-roboti. Ana magurudumu sita, mkono mmoja mrefu na shingo yenye macho ya kamera. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake na kwa sababu amebeba nyumba yake mgongoni. Alikuwa anakwenda Mirihi, kwenye bonde ambalo zamani sana lilikuwa ziwa. Atapima upepo na vumbi, kwa faida ya watu watakaokwenda huko siku moja. Lakini kazi yake kubwa ni moja tu: kutoboa mawe ya ziwa lile lililokauka, ayatie kwenye mirija ya chuma, ili chombo kingine kije kuyachukua na kuyaleta nyumbani. Tuulize mawe hayo swali moja. Je, huko kuliwahi kuishi kitu chochote, hata kijidudu?

Jioni ile tumbo la Kobe lingefungwa. Likishafungwa halifunguliwi tena.

Miwani aliuvaa mlango kwa bega, akaingia.

Msumari akamfuata.

Hakuvaa chochote. Alipita mbele ya ovaroli nyeupe zilizotundikwa, akapita kibanda cha upepo kinachopuliza mavumbi mwilini, akaingia na buti zake na jasho lake. Jambo moja alilitupia jicho bila kulifikiria. Miwani alikuwa amevaa tayari. Ovaroli, barakoa, glavu. Mtu aliyekuja kuchafua, msafi kama daktari wa upasuaji.

"Simama! Mikono juu!"

Miwani hakusimama. Alifika kwenye meza ya mirija, akaisukuma trei. Trei ikateleza mpaka ukingoni, kifuniko kikafunguka, mrija mmoja ukabiringika.

Ukaanguka.

Msumari aliudaka.

Aliudaka hewani, kwa mkono wa kulia, kama golikipa. Kisha kwa mkono wa kushoto alimzaba Miwani kofi lililomlaza chini, akamfunga pingu. Aliurudisha mrija mahali pake na kukifunga kifuniko. Trei ikawa kama haikuguswa.

Akajipongeza kimoyomoyo.

Hapo ndipo aliposikia Miwani akicheka, pale pale sakafuni.

*

Dada alikuja mbio, barakoa ikining'inia sikio moja. Alikuwa mkuu wa sayansi wa safari ya Kobe, na alikuwa dada mkubwa wa Msumari; Msumari ndiye kitinda mimba wa mama yao. Dada ndiye aliyempangusa makamasi utotoni, na hakuacha kumwangalia kwa jicho lile lile.

"Umeingia hivyo hivyo?"

"Nilikuwa namfukuza mtu, Dada."

"Sakafu tutaisugua. Hewa inajisafisha yenyewe. Niambie kitu kimoja tu. Umeshika chochote?"

Asubuhi ya siku ile ile Dada alikuwa amemsimamisha kwenye chumba cha kuvalia, mbele ya mafundi wote. "Hata moto ukiwaka humu ndani, vaa kwanza. Binadamu tunapukutika, mdogo wangu. Ngozi, mate, jasho. Kijidudu kimoja cha mkononi mwako kikisafiri mpaka kule na kurudi, tutadhani tumepata majirani."

Naye Msumari, kwa kupenda sifa, alijibu, "Kwani hayo mawe yana mafua?"

Mafundi walivunjika mbavu. Dada hakucheka.

Sasa mafundi wale wale walikuwa mlangoni, wakimtazama shujaa wao.

"Hapana," alisema Msumari. "Sikushika kitu."

Neno lilitoka kabla hajalipima. Dada alivuta pumzi, akampiga begani. "Mungu akuweke. Ungeshika kitu, tungeweza kuchelewa, na Dunia na Mirihi zingeachana. Tungengoja zaidi ya miaka miwili zikaribiane tena."

Alimwamini papo hapo. Msumari alitamani ardhi ipasuke immeze.

*

Walimfungia Miwani kwenye stoo ya vichungi vya hewa. Begi lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na taulo jipya, bado limo kwenye nailoni yake.

Hakuna kichupa. Hakuna unga. Hakuna kitu.

"Jiko, hapa Msumari. Begi tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu, Mzee. Na kamera za Chumba Cheupe zilizimwa mapema. Miwani mwenyewe ndiye mwenye ufunguo wa umeme."

Msumari alimgeukia Miwani. "Uchafu uko wapi?"

"Muulize aliyeuleta."

"Nani?"

Miwani aliuangalia mkono wa kulia wa Msumari. Akauangalia kwa utulivu, mpaka Msumari akauingiza mfukoni.

Simu yake ikatetemeka. Nokia ya kazini, namba imefichwa.

"Hongera," ilisema sauti nyororo ya mwanamume, Kiswahili cha mgeni aliyesoma vizuri. "Nimeambiwa una mikono myepesi. Na simu ya fundi wenu ilikuwa wazi mfukoni ulipomwambia dada yako hapana."

"Wewe nani?"

"Mtu anayeitaka safari ijayo. Serikali zikitafuta wa kujenga roboti ya pili, watatujia sisi, maana nyinyi mtakuwa mmeaibika. Mawe yatarudi. Watakuta vijidudu. Dunia nzima itapiga vigelegele kwa ajili ya jasho lako. Halafu sisi tutauliza, kwa upole, kama vijidudu hivyo havifanani na vya binadamu fulani."

Msumari alitoka stoo, akasimama ukumbini.

"Tulichagua mlinzi kwa makini," iliendelea sauti. "Faili lako linasema hujawahi kukosea. Mtu wa hivyo anaaminika kwa jambo moja: hatakiri. Basi endelea kunyamaza, kijana. Ukinitafuta, mimi nitasema. Na dada yako atajua ulisema uongo mbele ya uso wake."

Msumari aliona kila kitu. Mbio zile, ule mlango ulioachwa bila kufungwa, trei iliyosukumwa taratibu, ili mrija usipige sakafu kabla mkono wake haujafika. Hakuna aliyehitaji kupenyeza uchafu. Walihitaji mtu mwenye majivuno aukimbize ndani kwa miguu yake mwenyewe.

Aliona aibu. Aibu kamili, ya mtu mzima aliyekamatwa amevaa kanzu ya sifa juu ya mwili usiooga. Mrija ule haukumuuma kama lile neno hapana. Mrija aliudaka bila kufikiri. Neno alikuwa na nafasi ya kulimeza.

Ndipo akasikia kengele.

Kipaza sauti cha jengo kililia, kikawaita wageni waalikwa waje roshani kushuhudia Kobe akifungwa. Tangazo alilisikia ukumbini. Akalisikia tena, maneno yale yale, ndani ya simu.

Jamaa alikuwa humu humu ndani.

"Sawa," alisema Msumari, akianza kutembea. "Tuelewane. Nieleze nifanyeje."

*

Roshani ya wageni ina kioo kirefu kinachotazama chini Chumba Cheupe. Walimu, waandishi wa habari, wauzaji wa vipimo. Wote wamevaa vizuri, wote wamesimama wakiangalia. Chini Dada na wenzake walikuwa wameinama juu ya Kobe, weupe kuanzia kichwani hadi kidoleni. Sakafu ilikuwa imesuguliwa inang'aa. Mrija wa kwanza ulikuwa umeshaingia tumboni.

Watu wengi mno walikuwa na simu masikioni.

"Jiko," alinong'ona Msumari kwenye kola, Nokia ameiziba kwa kiganja. "Funga milango ya roshani."

"Umemwona?"

"Bado. Atajionyesha."

"Kwa nini ajionyeshe?"

Msumari alikisogelea kioo. Simu ya ukutani inayozungumza na Chumba Cheupe ilikuwa karibu na kioo, na sauti yake hutoka roshani nzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaloa. Aliufuta kwenye suruali.

Mama yao alikuwa na msemo kwa kila mtoto aliyeficha kidonda: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alibonyeza kitufe.

"Dada. Simamisha kazi."

Chini, kofia nyeupe ziliinuka.

"Niliushika mrija. Ulianguka, nikaudaka. Mkono mtupu. Nikaurudisha kwenye trei, nikakudanganya."

Sauti yake ilikuwa imetawanyika roshani nzima, na waandishi wa habari walikuwa wameshageuka. Msumari aliona nyuso zote mara moja, na masikio yakamuwaka moto. Aliziacha zimtazame.

Ila uso mmoja haukumtazama. Mwanamume wa tai nyekundu, karibu na mlango, alikuwa ameishusha simu sikioni taratibu, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Msumari aliinua Nokia.

"Usikate, bwana. Bado tunaongea."

Sauti ilitoka mkononi mwa yule mtu.

Alikimbilia mlango. Umefungwa. Akageuka na kisu chembamba cha kukunja, lakini Msumari alikuwa ameshafika. Kiwiko kifuani, goti tumboni, kisu kikaruka chini ya viti. Kishindo kimoja, tai nyekundu ikalala juu ya zulia.

"Wewe mwendawazimu," alinguruma. "Umejiangamiza."

"Nimekosea," alisema Msumari, akibana pingu. "Liandike kwenye faili."

*

Dada alimkuta kwenye chumba cha kuvalia, amekaa kwenye benchi, mikono magotini. Hakumwangalia. Alikuwa na vijiti vya pamba na vichupa.

"Lete huo mkono."

Akampangusa kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha. Alimkwaruza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mirija ya akiba ipo," alisema. "Iliokwa kwa joto pamoja na hii, haina kijidudu. Tunaibadili yote, tunamsafisha Kobe tumbo, tunalala hapa hapa. Tutawahi."

"Dada, nisamehe."

"Ungeniambia pale pale, nisingekuwa nimemtia Kobe mrija tumboni." Sauti yake ilikwaruza. "Mimi silii kwa ajili ya mrija. Uliniangalia machoni."

Msumari aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akikiinamisha zamani, akingoja kibao ambacho hakikuja.

Dada alifunga vichupa. "Vijidudu vyako tutavitunza humu. Tutazijua sura zake. Mawe yakirudi na tukakuta kitu, kwanza tutauliza kama ni wewe. Ikiwa si wewe, ndipo tutashangilia."

"Kila safari?"

"Kila jiwe." Alinyoosha kidole. "Vua buti. Nazo zinapimwa."

Alivua. Mafundi walikuwa mlangoni tena, safari hii hawakuwa na shujaa wa kutazama. Mmoja alimsogezea kandambili za plastiki za rangi ya waridi, ndogo, visigino vikabaki nje.

Dada alishafika kwenye kibanda cha upepo aliposema, bila kugeuka, "Na nenda ukanawe. Mawe yana mafua."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa yeye mwenyewe, kidogo sana, ndani ya barakoa.

Msumari alitoka nje. Jua lilikuwa linashuka juu ya maegesho. Alivaa miwani yake ya jua, akaliendea Land Cruiser polepole, wima, kandambili zikipiga kofi kila hatua.

"Msumari, hapa Jiko. Wawili ndani, hakuna majeruhi. Kazi safi sana. Ripoti iende leo. Ila hilo la mrija, hmm, tunaweza kuliacha pembeni."

Alifungua mlango wa gari. Akakitazama kiganja chake, chekundu pale dada yake alipokikwaruza.

"Anza na hilo, Mzee," alisema, akawasha gari.