Trela ya Filamu Isiyokuwepo

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kununua balbu ya studio. Niliporudi, nilikuta kompyuta inacheza video yenyewe, na chumba kizima kinanuka udongo mbichi.

Mvua haikuwa imenyesha.

"Lo! Tena?" nilifoka, peke yangu.

Kazi niliyokuwa nikiihariri ilikuwa ya mjomba wangu. Alikuwa ametengeneza trela bila filamu. "Trela ndiyo kazi yenyewe," aliniambia. "Watu wasubiri kitu kisichokuja." Alikuwa amepiga picha vyumba vitupu vya nyumba aliyoishi na mkewe kabla mkewe hajatoweka. Mimi mhariri, kazi yangu ilikuwa kuzipanga tu.

Lakini kila nilipomaliza, mwishoni palizuka picha ambayo hakuna aliyeipiga: mwanamke kwenye korido, ametugeuzia mgongo. Nikamfuta. Akarudi. Nikamfuta tena. Akarudi, shingo imegeuka kidogo. Mjomba akinipigia simu ni kunigombeza tu, eti nachelewesha kazi yake. Nilichoka hadi nikatamani kuitupa kompyuta dirishani.

Jioni hiyo nikamwita. "Njoo ujionee mwenyewe!"

Alifika akinung'unika. "Mpwa wangu, kazi ndogo hivi inakushinda?"

Nikabonyeza. Jikoni... chumbani... korido...

Mwanamke alikuwa ametugeukia.

Uso mzima ulijaa udongo. Spika nilikuwa nimezizima, lakini tulimsikia.

"Mume wangu... huku chini baridi."

Mjomba alishika ukingo wa meza. Nilijaribu kusimamisha picha, ikagoma.

"Mjomba," nilinong'ona, "mkeo alikwenda wapi?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Usimfute tena," alisema. Akatoka, hata mlango hakuurudishia.

Asubuhi majirani waliikuta nyumba ile ya Mjomba iko wazi. Sakafu ya jikoni ilikuwa imevunjwa, shimo limechimbwa, jembe limelala kando. Ndani ya shimo hamkuwa na kitu. Si mifupa, si nguo. Mjomba hajaonekana hadi leo.

Trela bado ninayo. Haifutiki. Imejiongeza sekunde chache mwishoni, nami sijathubutu kuzitazama.

Mama kila siku ananisihi nimwonyeshe kazi ya mwisho ya kaka yake. Namwambia imeharibika.

Jana alinijibu, "Mbona mimi nasikia sauti ya kaka yangu humo kompyutani?"