Moyo wa Dobi

Dobi alikuwa akipanda ngazi na furushi la shuka kichwani. Kabla hajafika juu, moyo ulimwenda mbio, macho yakaingia giza, akaanguka. Haikuwa mara ya kwanza.

Kliniki walimbandika nyaya kifuani. Wakamfunga kiunoni kifaa kidogo cha kurekodi mapigo ya moyo, usiku na mchana.

Nyumbani, mumewe alimnyima hata ufagio.

"Lala, mama watoto! Utaharibu mashine ya watu."

Wifi yake alipiga pasi badala yake. Dobi akalishwa uji kama mzazi.

Majibu yakatoka: moyo hauna tatizo.

"Kumbe nimeungua vidole bure!" wifi alifoka. "Ngazi unazikimbia tu."

Hasira zilimpanda dobi. Mtu aanguke mbele ya watu, halafu aitwe mvivu? Akajifunga kanga, akarudi kliniki.

"Mashine yenu imenisingizia!" alimwambia muuguzi.

"Pole, mama. Ulipokuwa nayo ulifanya nini?"

"Nililala."

"Kutwa nzima?"

"Walinilaza! Ningefanyaje?"

Muuguzi alimfunga tena kifaa kiunoni. "Una haki ya kukasirika. Tulipaswa kukueleza. Kifaa hiki hakibahatishi. Kinarekodi kile ambacho moyo unafanya wakati ule ule. Kilikukuta umepumzika, kikarekodi moyo wa mtu aliyepumzika. Safari hii fanya kazi zako kama kawaida. Usikiloweshe. Ngazi usipande peke yako. Ukijisikia vibaya, kaa chini, bonyeza kitufe hiki, na ukumbuke ulikuwa unafanya nini."

Kesho yake dobi alipiga pasi mwenyewe, kisha akapanda ngazi na furushi. Mumewe alimfuata nyuma, mikono ameitanua.

"Unanivizia kama kuku?"

"Panda, mke wangu. Nipo."

Katikati ya ngazi moyo ukaanza vurugu zake. Dobi akakaa, akabonyeza kitufe.

Safari hii daktari aliwaonyesha dobi, mumewe na wifi mistari ya mapigo iliyosongamana. "Hapa ndipo ulipobonyeza. Huu ni ugonjwa, mama, na una tiba."

Dobi alimgeukia wifi yake. "Umesikia?"

Wifi akatazama sakafu. "Nisamehe, wifi."

Dobi alitibiwa. Daktari alipomruhusu kurudi kazini, alipanda ngazi zote na furushi lake bila kuyumba. Akachungulia chini.

"Wifi! Lete furushi la pili. Tuone nani anazikimbia ngazi!"